Dipoti ya chapchap Marekani: mtu anarudishwa bila kuona jaji, hii ni sheria ama ubabe tu?

#1 bintikisauni
Salaam wadau. Kuna kijana wa jirani yetu huku Kisauni aliondoka akapitia Brazil, akapanda nchi baada ya nchi mpaka Mexico, akaruka mpaka. Nyumbani wakakaa bila simu muda mrefu, halafu tukasikia kumbe asharudi yuko Nairobi kwa mtu Eastleigh, Mombasa haji kwa aibu. Asema kotini hakupelekwa, jaji hakumuona, ofisa alimuuliza maswali mawili matatu kwa Kizungu akatia sahihi karatasi, kisha kizuizini, kisha ndege. Mimi nlidhani mtu akifika huko akaomba hifadhi lazima koti imsikilize. Sheria imebadilika ama wafanya wapendavyo? Na msinitukanie kijana tafadhali, mamake ni mtu wangu.

#2 kijanaLikoni
Ni Trump huyo dada, nani mwengine. Kabla yake watu walikuwa waingia wapewa tarehe ya koti wajiendea zao kazini. Alipoingia tu akatunga hii sheria ya kufukuza watu bila kesi.

#3 wakili_wa_barazani
Mkuu wa Likoni, hapo umeteleza. Sheria ilipitishwa 1996, rais akiwa Clinton, ikaanza kazi 1997. Mwanzo ilikuwa ya mlangoni, eapoti na mipakani: umekuja huna makaratasi ama ni feki, ofisa wa mpaka mwenyewe akuandikia amri ya kurudishwa na imekwisha. 2004 enzi za Bush ikapanuliwa kwa waliokamatwa ndani ya maili 100 za mpaka na hawajamaliza siku 14 nchini. Alichofanya Trump ni kutaka kuitandaza nchi nzima kwa yeyote aliyeingia kichinichini na hawezi kuonyesha amekaa miaka miwili. Alijaribu 2019, Biden akaifuta, Januari 2025 akairudisha. Agosti 2025 jaji wa Washington, Jia Cobb, akaisimamisha hiyo ya ndani ya nchi, serikali ikakata rufaa. Ya mpakani haikuguswa. Kijana wa dada bintikisauni alishikwa mpakani kwa hivyo kakutana na ile kongwe kabisa.

Sasa hifadhi. Ndani ya sheria hiyohiyo kuna kijimlango. Ukisema waogopa kurudi kwenu, ofisa wa mpaka haruhusiwi kukurudisha hapohapo, akupeleka kwa ofisa wa hifadhi akuhoji kama hofu yako ina msingi. Ukipita, waenda kwa jaji kesi kamili. Ukifeli waweza kuomba jaji aangalie tena, na hiyo humalizwa ndani ya siku saba, mara nyingi kwa simu ama video na wewe uko ndani umefungiwa. Zamani ofisa wa mpaka alilazimika kukuuliza, je waogopa kurudi? Juni 2024, na huyo alikuwa Biden, wakaondoa hilo swali mpaka wa kusini. Mpaka useme mwenyewe. Mtu ametoka msituni Darién, kule Panama, hajalala, Kizungu chake cha kubabaisha, hajui kwamba kuna neno la kusema. Akanyamaza akapewa kalamu.

Halafu Januari 2025 Trump akatoa tangazo kwamba ule ni uvamizi, hata kijimlango chenyewe kikapigwa kufuli kwa wanaoruka mpaka wa kusini. Julai jaji Randolph Moss akasema rais hana mamlaka hayo. Ikakatwa rufaa pia. Ndo ilivyokuwa 2025, kesi zikaenda rufaani na ndege zikaendelea kuruka.

#4 NyaliNdani
Nitasema ambalo wengi hawataki kusema. Mimi nlijaza fomu, nkalipa ada ya viza, nkaenda Nairobi kwa basi la usiku, nkavaa tai, nkanyimwa kwa dakika tatu kupitia dirishani. Hakuna aliyenifungulia uzi. Huyu karuka ukuta halafu twaambiwa alistahili jaji, wakili na mkalimani. Kijana wa Kisauni akimbia nini? Kisauni kuna vita?

#5 kijanaLikoni
@NyaliNdani kuna panga boy, magenge ya vijana wa mapanga 😂 uliza watu wa Kisauni

#6 bintikisauni
@NyaliNdani swali lako ni halali lakini hilo ndo aulizwe na mtu mwenye muda, si wewe na mimi. Sijui akimbia nini, kuna mambo ya ile familia siwezi kuyaweka hapa. @wakili shukran, nimeelewa zaidi kuliko nlivyotaka.

#7 Baharia_Kilindini
Mie mstaafu wa melini, niwape ya baharini. Wazamiaji twawajua sana sisi. Kijana ajificha kwenye hatchi ama pale nyuma juu ya usukani, meli iko katikati ya bahari ndo atokea, njaa imemshika. Kuanzia hapo ni mzigo wa kampuni: chakula, mlinzi, tiketi ya kumrudisha kwao, yote bima ya meli yalipa. Sasa ukifika bandarini imigresheni wapanda juu, wamuuliza jina na nchi, wagonga muhuri "asishuke". Kuna bandari moja siitaji, kijana alikuwa alia asema kwao watamuua, nahodha akasema kwa sauti hatumii lugha hiyo, hakusikia. Kusikia alisikia, sote tulisikia. Akisikia rasmi itabidi aripoti, meli ikae siku mbili tatu, na siku ya meli ni madola. Akazungushwa bandari baada ya bandari. Kwa hivyo mkiniuliza kwa nini watu wafukuzwa harakaharaka mie nasema ni gharama. Siasa zaja baadaye.

#8 msomi_Tudor
Mzee Baharia asema gharama na kuna ukweli, koti za imigresheni za Marekani zina kesi zaidi ya milioni 3 zilizolundikana, mtu apewa tarehe ya miaka ijayo. Lakini mimi naona sababu ni ndani zaidi. Wanataka mtu aliyeko mlangoni ahesabike hajaingia. Kuna kesi ya Thuraissigiam, Mtamil wa Sri Lanka, 2017 alishikwa yadi 25 tu ndani ya Marekani. Ofisa wa hifadhi alimuamini kwamba alitekwa na kupigwa, ila akasema hakuonyesha ni nani waliompiga na kwa sababu gani, kwa hivyo hofu haina msingi wa kisheria. Akaomba koti ya kawaida imsikilize. 2020 mahakama yao ya juu kabisa, majaji 7 kwa 2, ikasema mtu kama huyo haki zake ni zile tu alizopewa na Bunge, hakuna cha ziada. Yadi 25! Hiyo ni kutoka msikitini mpaka kwa muuza mahamri.

#9 NyaliNdani
Na mbona hamsemi upande wa pili wa hizo kesi milioni 3? Aliyeomba hifadhi akikaa siku 180 kesi haijaamuliwa apata kibali cha kazi. Yaani ule ucheleweshaji wenyewe ndo zawadi. Mawakala wajua hilo, wasafirishaji wajua hilo, vijana wetu wajua hilo. Huhitaji kushinda kesi, wahitaji tu kesi iwe ndefu. Ukikata njia hiyo ndo wanaotafuta kazi wabaki nyumbani na mkimbizi wa kweli asikilizwe mapema. Nipingeni kwa hoja si kwa vijembe.

#10 Mbajuni_wa_Chovai
Hoja nakupa mimi, tena ya damu yangu.

Sisi ni Wabajuni wa visiwa vya upande wa Somalia, kusini ya Kismayu. 1991 vita ilipoingia wazee walipanda mashua wakateremka huku. Binamu yangu alikuwa mtoto mdogo, akalelewa kambini hapa Mombasa, hizo kambi za miaka ya tisini wenye umri wazikumbuka, kina Utange. Zikafungwa, watu wakaambiwa Kakuma ama Dadaab ama mujitegemee. Yeye akakua mtaani na watoto wenzake wa Mombasa, akaja akaenda Uingereza akaomba hifadhi kama Mbajuni wa Somalia, na ndo alivyo. Wakamuweka kwenye simu na mtu wa kampuni fulani Ulaya apime lugha. Dakika chache tu. Majibu: huyu aongea kama Mkenya, Kisomali hajui, si wa Somalia. Sasa ndugu zangu, mtoto aliyelelewa Mombasa aongee vipi? Na Mbajuni wa visiwani Kisomali tangu lini kilikuwa lugha ya nyumbani? Wakataka kumleta Kenya, Kenya ikasema hatumjui huyu. Akakaa miaka hana kazi, hana nchi, alala kwa watu.

Na hapo alikuwa na wakili na rufaa, ilikuwa njia ndefu. Nifikirie huyohuyo apewe ile ya siku saba kwa simu.

#11 dada_wa_Bondeni
@Mbajuni pole sana. Hiyo ya kupimwa lugha nliisikia sikuiamini.

#12 msomi_Tudor
Ni kweli kabisa na si Wabajuni peke yao, watu wa Hamar wa Mogadishu pia. Ilifika mpaka mahakama ya juu ya Uingereza 2014, ikasema ripoti za lugha zaweza kutumika lakini anayepima asivuke mpaka wa utaalamu wake, si kazi yake kuamua kama hadithi ya mtu ni ya kweli.

#13 NyaliNdani
Nakubali ya binamu yako inauma. Lakini Mbajuni, tuko wenyewe hapa. Vijana wangapi wa Majengo na Malindi waliojiita Wabajuni wa kisiwa cha Chula na hawajawahi kufika hata Kiunga? Nani aliwafundisha majina ya visima na wazee wa mtaa? Kulikuwa na mtu Mji wa Kale akiuza hiyo "elimu". Kama kipimo kilikuwa kikali ni sisi tuliokinoa.

#14 Mbajuni_wa_Chovai
Sikatai. Waliuza visiwa vyetu kwa daftari la kurasa arubaini. Nakumbuka jamaa mmoja, Mdigo wa Ukunda, alikuja kuniuliza samaki wa Chovai waitwaje. Akapata makaratasi huyo. Binamu yangu hakupata. Sasa niambie hicho kipimo kilikuwa kikali ama kilikuwa kipofu.

#15 kijanaLikoni
Mdigo wa Ukunda 😂😂😂 wallahi

#16 dada_wa_Bondeni
Naomba nirudishe kidogo. Wakili, dadangu aliingia Marekani kwa viza ya masomo 2017, ikaisha, akabaki. Sasa hii ya kufukuzwa bila koti yamhusu? Maana huku nyumbani hatulali kila tukisikia habari.

#17 wakili_wa_barazani
Dada, kwa sheria hii hapana. Yeye alikaguliwa akaingizwa kihalali, kukaa kupita muda ni kosa jengine, ana haki ya jaji wa imigresheni. Wakenya wengi wa huko waliingia kwa viza ndo maana hofu ya mtaani ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Ila msijipumzishe kabisa. Kuomba hifadhi kuna kikomo cha mwaka mmoja tangu kuingia, kukiwa na sababu maalum za kuruhusiwa nje ya hapo, kwa hivyo asidanganywe na mtu wa mtandaoni amjazie fomu ya hifadhi leo kwa pesa. Atafute wakili wa kweli wa huko, mimi ni wa barazani tu jina lasema.

Na jengine mlijue. Mei 2025 walianza mtindo: mtu aliyeruka mpaka ana kesi yake ya kawaida mbele ya jaji, aja kotini kwa adabu zake, wakili wa serikali asema twaifuta kesi. Mtu afurahi, ashukuru Mungu. Akitoka ukumbini wako hapo koridoni wamemsubiri, kwa kuwa hana kesi tena sasa waweza kumuingiza kwenye njia ya haraka. Yaani aliyetii wito ndo alinaswa.

#18 Baharia_Kilindini
Huo ndo ubaharia mchafu.

#19 kijanaLikoni
Na eapoti je? Binamu yangu wa Mikindani alikwenda na viza halali kabisa ya kutembea, wakamchukua simu wakasoma wasap, wakakuta aongea na mtu habari za kazi ya kulea wazee. Alirudishwa ndege ileile. Hiyo si bila koti?

#20 wakili_wa_barazani
Hiyo ndo yenyewe hasa, ile ya asili ya 1996. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi, ofisa akisema nia yako si ile ya viza yako akuandikia amri, na ukiandikiwa ni miaka 5 huingii. Wengine hupewa nafasi ya kuondoa ombi lao wenyewe wakarudi bila hiyo alama, muulize binamu alisaini karatasi gani kati ya hizo mbili. Wengi hawajui walichosaini.

#21 mzee_wa_Vanga
Assalaam aleikum. Nimesoma yote. Nyie mwaongea ya Marekani, mie nimeona ya hapahapa. Januari 2001 baada ya yale mauaji ya Pemba watu walivuka na mashua mpaka Shimoni, zaidi ya elfu mbili. Walifika na nguo za mwilini. Nani aliwauliza kama hofu yao ina msingi? Wavuvi ndo waliwapokea, baadaye ndo UNHCR na serikali. Wakapelekwa Utange wakakaa.

#22 Mbajuni_wa_Chovai
Mzee wangu kwa heshima, Utange ilikuwa ya Wasomali na 2001 ishafungwa kitambo. Wapemba waliwekwa Shimoni kwanza, kisha waliobaki wakapelekwa Dadaab. Wengi walirudi kwao baadaye.

#23 mzee_wa_Vanga
Ahsante mwanangu, Dadaab, ni kweli, wakilalamika joto. Lakini neno langu libaki: walipokelewa kwa kundi. Sheria ya Afrika ya 1969 yaruhusu hivyo, nchi ikichafuka mtu ni mkimbizi, si lazima aonyeshe nani alimtafuta yeye kwa jina. Wazungu wataka kila mtu na kisa chake binafsi, ndo maana wataka kumhoji na ndo maana wachoka wakatafuta njia ya mkato.

#24 msomi_Tudor
Mzee hiyo ya mwisho ni hoja sijaiona popote, naichukua. Ila tusijipake mafuta sana. Sheria yetu ya wakimbizi ya 2021 yasema mtu aliyeingia, hata kama hakupitia njia halali, ana siku 30 kujitokeza aombe hifadhi, na harudishwi kwenye hatari. Karatasini tuko mbele yao. Lakini Aprili 2014 watu walijazwa uwanja wa Kasarani na mamia wakarushwa Mogadishu. Na Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi waliosajiliwa hapa walichukuliwa Nairobi wakapelekwa Uturuki, serikali yenyewe ikakiri imewakabidhi. Na Miguna Miguna yule mwanasiasa je, 2018, mzaliwa wa hapa, amri za koti mkononi na bado akatiwa ndegeni.

#25 NyaliNdani
Umetoka Kisauni umefika Uturuki. Swali la uzi ni kama njia ya haraka ni haki. Mimi nasema ni haki ikiwa swali linaulizwa. Hapo kwa kuondoa lile swali la "waogopa kurudi?" nawapa nyie pointi. Moja.

#26 kijanaLikoni
Screenshot imechukuliwa, NyaliNdani katoa pointi.

#27 dada_wa_Bondeni
Mimi naona hata si gharama wala sheria, ni kutishia. Wanataka picha ya mtu na pingu ifike huku simuni ili mwengine asiende. Uingereza walitaka kupeleka watu Rwanda, tangu 2022 watangaza, mahakama yao ya juu Novemba 2023 ikasema ni kinyume cha sheria, wakatunga nyengine 2024, chama cha Labour kikaingia Julai kikaitupa. Pauni milioni 700 na waliokwenda ni wanne, tena kwa hiari. Mzee Baharia hiyo ni kubana gharama kweli?

#28 Baharia_Kilindini
Binti umenishika. Lakini nahodha pia huchoma mafuta mengi akikimbia dhoruba.

#29 kijanaLikoni
Na mashua za kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Uingereza hazikukoma. Mtu aliyevuka Darién utamtisha na picha?

#30 bintikisauni
Nimempata kijana kwa simu jana usiku. Asema aliambiwa atie sahihi haraka ndo atatoka kizuizini mapema. Asema neno la kuogopa hakulitaja kwa sababu wenzake ndani walimwambia ukisema waogopa wakuweka miezi. @wakili hiyo ni kweli?

#31 wakili_wa_barazani
Kwa sehemu ndiyo. Sheria yataka ufungwe wakati wasubiri intavyuu ya hofu, na ukifeli wabaki ndani mpaka ndege. Kwa hivyo mwenye hofu ya kweli achagua kati ya kufungwa na kurudi. Mwambie aitafute ile karatasi yake, kama ni amri kamili miaka 5 yahesabiwa tangu alipoondoshwa, na asijaribu tena kuruka, ukirudi kichinichini baada ya amri ni kosa la jinai na waweza kuzuiwa kuingia tena maisha yako yote.

#32 NyaliNdani
Sasa kuna hii ya kupeleka watu nchi zisizo zao. 2025 watu wa Vietnam, Cuba, Jamaica, Laos na Yemen wakashushwa Eswatini. Nane wengine, mmoja tu akiwa wa nchi hiyo, Sudan Kusini, baada ya kukaa Djibouti ndani ya kontena wiki kadhaa. Rwanda imekubali hadi 250. Hapo ndo hata mimi nashindwa kutetea.

#33 kijanaLikoni
Kenya tukiombwa je? Tuwaweke wapi, jela ya Shimo la Tewa?

#34 mzee_wa_Vanga
Waleteni Vanga, tuna nyumba tupu na papa mkavu.

#35 msomi_Tudor
Mzee usicheke, bei ikiwa nzuri wataletwa. Na @NyaliNdani, ukishashindwa kutetea ya Eswatini, nieleze tofauti yake na ya yadi 25 ni nini, maana zote mbili zasimama juu ya kusema huyu mtu hayuko nchini kwetu kisheria.

#36 NyaliNdani
Tofauti ni kwamba Mtamil alikuwa arudishwa kwao. Nitakujibu vizuri kesho, umeme wa huku washaanza mambo yao.